Namna ya Kuwa Mtu Msumbufu: Mwongozo kwa Waliochoka Kuandikwa

Usumbufu haumjii mtu wenyewe. Hufundishwa, na wengi wetu tulifundishwa kinyume chake. Mkubwa akiuliza, jibu. Mwenye sare akikunyooshea kalamu, ipokee. Karani akisema "jaza hapa", jaza mpaka mstari wa mwisho, halafu umshukuru. Adabu hiyo ina mahali pake nyumbani na msibani. Dukani, getini na kwenye simu, watu wanaoishi kwa kukusanya habari za wenzao wameigundua na wanaivuna kila siku.

Mwongozo huu unamfundisha msomaji kuwasumbua watu hao. Una kejeli, na kejeli yake inawalenga wao. Ushauri ni wa kweli, nawe unaweza kuanza kuutumia kesho asubuhi.

Tumezoea kuambiwa kwamba faragha ni kazi ya wataalamu: nywila ndefu, programu za kujificha, vijana wenye kofia za jaketi wanaopiga kibodi gizani. Nywila ndefu ni nzuri, iweke. Lakini kwetu sehemu kubwa ya habari zetu haikuibwa na mdukuzi yeyote. Tuliiandika wenyewe, kwa kalamu iliyofungwa kamba mezani, kwa sababu tuliulizwa.

Getini

Basi tuanzie kwenye kalamu hiyo. Nenda kwenye jengo lolote la ofisi katikati ya Nairobi. Soja atakusalimu vizuri, kisha atakusogezea kitabu kikubwa kilichopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kabla hujaandika, soma. Mistari ya juu imejaa watu. Mama aliyepanda kwa wakili wa talaka yupo hapo pamoja na namba yake ya simu. Kijana aliyekwenda kliniki ya ghorofa ya nne yupo. Aliyekuja kuomba kazi bila bosi wake wa sasa kujua, naye yupo, na jina la kampuni anayoikimbia ameliandika kwa mkono wake. Atakayekuja baada yako atakusoma wewe vivyo hivyo, tena mkononi ana simu yenye kamera.

Msumbufu anayeanza huuliza swali moja kwa sauti ya upole: "Kaka, kitabu hiki kikijaa kinapelekwa wapi?" Uliza, nyamaza, subiri. Soja hana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa. Usimgombeze hata kidogo. Amesimama tangu alfajiri kwa mshahara mdogo, na kitabu si chake. Mwambie unaomba kuongea na msimamizi wa jengo. Msimamizi akija, mrudishie swali lilelile. Wageni watano wakifanya hivyo kwa wiki moja, jengo hilo litafanya kikao.

Hatua ya pili ni kuacha wazi safu zisizo na kazi. Sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi nchini Kenya inamruhusu mlinzi akutake ujitambulishe na aandike saa uliyoingia na uliyotoka, na inataka habari hizo zitumike kukutambua tu. Kwa hiyo onyesha kitambulisho, andika jina, andika saa. Ukiulizwa mbona namba ya simu haipo, jibu ukweli: "Ninayekwenda kumwona anayo."

Utaambiwa ni mambo ya usalama. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa kuwa nchi imezika watu. Kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Kwenye hoteli ya DusitD2, Januari 2019, waliuawa 21. Mahali pote pawili wauaji waliingia kwa risasi na vilipuzi, na hakuna kitabu ambacho kingewazuia, kwa kuwa kitabu humzuia mtu aliyekwisha kuamua kutii. Ukaguzi wa magari na mifuko ni usalama. Mlinzi aliyefunzwa na kulipwa vizuri ni usalama. Mlango wa dharura usiofungwa kwa kufuli ni usalama. Safu ya "unatoka wapi" ni mazoea yaliyovaa sare.

Na mazoea hayo yana gharama. Juni 2021 Wakenya waliambiwa wanaweza kuangalia kwenye mtandao wa serikali kama wameandikishwa katika chama cha siasa. Wengi waliofungua walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvitembelea ofisi, vingine vya watu wasiowapenda hata kidogo. Majina sahihi, namba za kitambulisho sahihi. Hapo ndipo watu walipoanza kukumbuka kila mahali walipoacha jina, namba na sahihi kwenye mstari mmoja: kitabu cha getini, daftari la wakala wa M-Pesa, fomu ya mchango wa mtaani. Chama hakihitaji zaidi ya hayo ili kukufanya mwanachama.

Kisa hicho kitunze kwa ajili ya jamaa yako, kila mtu anaye, anayesema "mimi sina cha kuficha". Wale walioandikishwa vyamani nao hawakuwa na cha kuficha. Walikuwa na namba ya kitambulisho tu, na namba hiyo ikapata kazi ambayo mwenyewe hakuitaka. Mwizi wa jina hatafuti dhambi zako. Anatafuta tarakimu zako.

Kwenye kikundi cha harusi

Kabla ya kuwasumbua wakubwa, jisumbue mwenyewe kidogo. Kila kamati ya harusi na kila kamati ya mazishi ina kikundi chake cha WhatsApp, na katika kila kikundi kuna mtu anayetuma mchango kisha anabandika picha ya ujumbe wa M-Pesa kama ushahidi. Ujumbe huo una jina la mweka hazina, namba yake, namba ya muamala na salio lako. Watu themanini, nusu yao hujawahi kuonana nao, sasa wanajua umebaki na shilingi ngapi. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu huanza na habari za namna hiyo: jina lako, namba ya muamala, kiasi. Ukisikia mtu anavitaja vyote vitatu, moyo humwamini kabla akili haijaamka.

Nakili mstari wa jina na kiasi, utume maneno tu. Mweka hazina akisisitiza apate picha, kata salio. Akinuna, mwache anune.

Majina ya simu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mtu mmoja anapowaumiza mia tatu kwa kidole kimoja.

Turudi nyuma miaka michache. Unapakua programu ya mikopo. Saa ni nne usiku, mtoto ana homa, huna pesa ya hospitali. Programu inakuuliza: niruhusu kuona majina yaliyo kwenye simu yako? Niruhusu kusoma ujumbe wako? Unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nani angekulaumu? Kwa kusoma ujumbe wa M-Pesa, programu inakadiria kipato chako na inaamua ikukopeshe kiasi gani. Majina ya simu yalitumika kwa jambo jingine kabisa. Siku ulipochelewa kulipa, simu zilianza kulia kwa watu wengine: kwa mjomba, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa bosi. "Mwambie mtu wako alipe deni." Waliopigiwa hawakuwa wadhamini. Hawakusaini popote. Makosa yao yalikuwa kwamba uliwahi kuhifadhi namba zao.

Biashara hiyo ya kuaibisha watu ilistawi Kenya kwa miaka kadhaa mpaka malalamiko yakawa hayapuuziki. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinakataza mkopeshaji wa kidijitali kuingia kwenye majina ya simu ya mteja ili awatumie watu ujumbe kwa sababu deni limechelewa, na zinakataza vitisho na matusi. Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizizuia programu za mikopo kwenye duka lake kufikia majina na picha za mtumiaji. Septemba mwaka huohuo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa watu wengine, kisha kuwatumia ujumbe na simu za vitisho.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu ya ruhusa, na uone ni programu zipi zinasoma majina. Utakuta tochi. Utakuta mchezo wa kupanga matunda. Utakuta programu ya kuhariri picha ambayo hukuifungua tangu Krismasi ya mwaka juzi. Tochi inamtafuta nani? Ondoa ruhusa hiyo sasa, mwanga utaendelea kuwaka kama kawaida. Programu ikikataa kufanya kazi bila majina ya watu wako, imekujulisha yenyewe biashara yake ni ipi. Ifute.

Na ikiwa ni wewe unayepigiwa simu kuhusu deni la mwenzako, hapo usumbufu una heshima ya pekee. Usimpigie mwenye deni kumsuta. Mkopeshaji alikupigia ili ufanye kazi hiyo kwa niaba yake, bila malipo, na ukiifanya umekuwa mtoza deni wao. Andika tarehe na saa. Piga picha ya ujumbe. Uliza jina la kampuni, na ukatae kukata simu mpaka utajiwe. Kisha mwambie anayepiga: "Namba yangu mmeipata wapi, na nani aliwapa idhini yangu?" Utashangaa jinsi wanavyoaga haraka.

Kuna pia programu za kumtambua anayepiga. Truecaller, iliyoanzia Sweden mwaka 2009, imekuwa kipenzi cha watu wengi hapa kwetu, na ni kweli imewaokoa wengi na matapeli. Lakini jiulize majina yale yalitoka wapi. Mengi yalitoka kwenye simu za watu waliojiunga, pamoja na namna walivyokuhifadhi wewe ambaye hukujiunga. Fundi wa watu aliyesajili laini kwa jina lake la ubatizo anaweza kuitwa kwa mgeni "Fundi Mchelewaji" mpaka mwisho wa maisha yake ya kazi. Kwenye tovuti yao upo ukurasa wa kuomba namba yako iondolewe. Nenda ukaombe.

Kuhusu simu inayosikiliza mazungumzo, hofu inayozungumzwa kila baada ya chakula cha jioni, nitapita haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima zaidi ya programu 17,000 za Android na kutoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta ushahidi wa programu zinazowasha kipaza sauti kisirisiri. Walikuta baadhi zinazorekodi kinachoendelea kwenye skrini na kukituma nje. Acha kunong'ona karibu na simu. Hangaika na ruhusa ulizozitoa kwa mkono wako.

Jicho

Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulizinduliwa duniani, na Nairobi ikawa miongoni mwa miji iliyojitokeza kwa wingi. Watu walipanga foleni nje ya jumba la mikutano la KICC na kwenye maduka makubwa, wakatazama ndani ya tufe la chuma linalong'aa, tufe likasoma mboni zao, nao wakapewa tokeni 25 za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo.

Sitamcheka hata mmoja aliyesimama kwenye foleni ile. Shilingi elfu saba ni kodi ya mwezi ya chumba kwa watu wengi jijini, na waliosimama pale walijua hesabu zao vizuri kuliko wanaowasuta kutoka sebuleni. Wa kuchekwa ni wenye tufe. Walisema dunia imejaa mashine zinazoiga binadamu, hivyo kila mtu atahitaji uthibitisho kwamba yeye ni binadamu. Mmoja wa waanzilishi wa mradi huo ni Sam Altman, ambaye pia anaongoza OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Mkono mmoja unaleta mashine za kutuiga, mkono wa pili unatuuzia hati ya kwamba hatujaigwa. Na bei ya hati hiyo ni jicho.

Nywila ikiibwa, utaibadilisha. Laini ikitekwa, utaifunga na kusajili nyingine. Kitambulisho kikipotea, utapanga foleni ya Huduma Centre na siku moja utakipata. Mboni ya jicho haina ofisi ya kubadilishia. Ukishaitoa, umeitoa na ile utakayokuwa nayo ukiwa na miaka themanini. Ndiyo maana msumbufu ana kanuni kali kuliko zote kuhusu mwili wake: mahali popote ambapo pesa inatolewa kwanza na maelezo yanafuata baadaye, au hayafuati kabisa, anaondoka. Uliza kampuni imesajiliwa wapi. Uliza ni nani hapa nchini utamshtaki mambo yakiharibika. Uliza kama wangekuchukua picha ya jicho bila ile tokeni, na utazame wanavyoitana kumtafuta wa kukujibu.

Kesi dhidi ya Worldcoin ilifunguliwa na shirika la Katiba Institute, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru data ya miili ya Wakenya iliyokusanywa ifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna. Mahakama ilisema tathmini ya athari inayotakiwa na sheria haikufanyika ipasavyo, na idhini iliyopatikana kwa kuvutwa na malipo haikuwa halali. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu watu watazame ndani ya tufe.

Serikali nayo ina tufe lake. Mwaka 2019 Wakenya walihimizwa kujiandikisha kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, na sheria iliyoambatana nayo ilifungua mlango hata wa kuchukua vinasaba na kuonyesha nyumba ya mtu ilipo kwa setilaiti. Watu wa Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi, jamii ambayo imehangaikia vitambulisho kwa vizazi, walikwenda mahakamani pamoja na watetezi wengine wa haki. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama ikakataa vinasaba na mahali pa kuishi. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, ikaona utoaji wa kadi za Huduma Namba haukufuata sheria kwa kuwa tathmini ya athari za data haikufanywa kwanza. Raia walioitwa wakaidi ndio waliokuwa sahihi. Kumbuka hilo siku utakapoitwa mkaidi.

Kamera na burudani

Tulifundishwa kuipenda kamera kupitia burudani. Mwaka 2003 bara zima lilikaa mbele ya televisheni kuangalia Big Brother Africa: vijana wa nchi mbalimbali wamefungiwa nyumba moja kwa siku 106, kamera kila pembe. Mtanzania Mwisho Mwampamba alishika nafasi ya pili. Mwaka 2007 Mtanzania mwingine, Richard Bezuidenhout, aliibuka mshindi na dola 100,000. Jina la kipindi lilitoka kwenye riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949 inayoonya kuhusu dola inayomtazama kila mtu, nasi tukaligeuza jina hilo kuwa zawadi ya kushindaniwa.

Wale vijana, pamoja na yote, walijua kamera ziko wapi. Walisaini mkataba. Kulikuwa na zawadi. Mtoto anayeogeshwa kwenye beseni na kuwekwa kwenye status ya shangazi hakusaini chochote, wala dada anayecheza kwenye sherehe ya watu akakuta video yake imetumwa mitandaoni na watu elfu wanajadili mwili wake. Utamaduni wetu wa leo unamchukulia anayekataa kupigwa picha kama mtu mwenye kiburi. "Acha kujifanya staa." Jibu la msumbufu ni fupi: "Futa, nikuone ukifuta." Kisha anasimama palepale mpaka ifutwe, na anakagua pia kwenye sehemu ya picha zilizofutwa, kwa kuwa hukaa humo kwa siku kadhaa.

Sheria iko upande wake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule ya Roma, Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kabla ya hapo Oppo Kenya ilikuwa imetozwa shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye ukurasa wake wa Instagram.

Kwa hiyo mzazi, fomu ya shule ikija na kisanduku cha "picha za matangazo", usitie alama kwa sababu wengine wametia. Andika "hapana", weka tarehe, piga nakala. Mwalimu mkuu hatamfukuza mtoto. Na wewe shangazi mpendwa, tunakuheshimu na tunakuomba: beseni lile liondoe leo.

Kulalamika kwa karatasi

Usumbufu wa mdomo una mwisho. Ule wa maandishi ndio unaokaa. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika kwa nini, kuiona, kupinga isitumike, kuisahihisha, na kutaka ya uongo ifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Uganda ina sheria yake tangu 2019.

Chagua kampuni moja inayokutumia ujumbe ambao hukuomba. Moja tu. Iandikie: mna habari gani zangu, mlizipata wapi, mmempa nani? Weka tarehe, hifadhi nakala. Isipojibu, au ikijibu porojo, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria ya Kenya inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Huhitaji wakili, huhitaji kujua kompyuta inavyofanya kazi. Unahitaji picha za skrini, tarehe, na uvumilivu wa kutokubali kuambiwa "tutakupigia".

Utachoka. Kazi hii haikupasa kuwa yako. Mtu anayeuza mboga Gikomba tangu asubuhi hana muda wa kusoma masharti ya kurasa arobaini, na kampuni zinazoandika kurasa arobaini zinalijua hilo. Ndiyo maana sheria inapaswa kuuma, na ya Kenya, ilivyoandikwa mwaka 2019, inauma wadogo. Faini ya juu kabisa ya kiutawala ni shilingi milioni 5, na kwa kampuni ni hadi asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi kati ya hivyo viwili ni kidogo. Soma tena: kipi ni kidogo. Shule ya mtaani inalipa milioni nne na nusu. Kampuni inayouza kwa mabilioni, ikifanya kosa baya mara kumi zaidi, mwisho wake ni milioni tano, pesa ambazo idara yake ya matangazo hutumia kabla ya chakula cha mchana.

Sharti hilo linapaswa kugeuzwa, kitozwe kiasi kilicho kikubwa. Bunge linaweza kulifanya kwa marekebisho ya mstari mmoja. Mwandikie mbunge wako ukimtaka ayalete, na usipojibiwa mwezi huu, mwandikie tena mwezi ujao.